Fundi Hewa na Shati Lililonuka Pombe

Baada ya miaka thelathini na minne katika kiwanda chetu cha hamira, Fundi Hewa anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina lake halisi liko kwenye kitambulisho. Sisi wenzake tulishalisahau.

Alianza kwa kuosha matangi, akapanda hadi msimamizi wa mashine ya kupuliza hewa. Wageni huiona kazi ndogo, lakini hamira ni kiumbe hai. Seli yake ikipata oksijeni huichoma sukari hadi mwisho, ikapata nguvu tele na kuzaana. Ikikosa, haifi papo hapo. Huungaunga tu, ikaambulia nguvu kiduchu, na sukari ikaishia njiani ikiwa pombe.

Pombe hiyo nusura imkoseshe mke. Mashine ilizimika siku aliyotakiwa kwenda kujitambulisha kwa baba wa mchumba wake. Alihangaika nayo mpaka ikawaka, tangi likammwagia povu shati zima, naye kwa kuchelea kuchelewa akaenda hivyo hivyo. Mzee yule hakutaka hata kusikia habari za walevi. Alimnusa mlangoni, akamwonyesha njia. Fundi, ambaye hajaonja pombe maishani, alirudi kazini amenywea bila kunywa. Tulimwonea huruma sana.

Nilikwenda mwenyewe kumbembeleza mzee aje kiwandani. Tulimwekea vitangi viwili, kimoja chenye hewa na kingine tulichokifungia, tukamwachia pua yake iamue. Alinusa cha kwanza, akanusa cha pili, akacheka mpaka akatafuta kiti. Alisema kumbe aliyelewa ni hamira. Harusi ikapangwa.

Mkewe, hata hivyo, amekuwa akimnusa shati kila jioni tangu hapo. Mwanzoni alikuwa anakagua. Siku hizi, kwa maelezo yake mwenyewe, anataka tu kujua mashine imeshindaje. Mashine yenyewe inabaki na mafundi wawili aliowafunza, wanaojua kwa mlio tu kama ina shida, kwa hiyo hatuna wasiwasi.

Fundi, asante kwa kutupa hewa. Hatukuambii ukapumzike kwa amani, neno hilo lina wenyewe; nenda ukapumue, na maisha yakunyookee. Na jioni ya kwanza mkeo akikunusa shati akakuta sabuni tupu, mwambie mashine imeshinda salama.