Nguzo Sita za Mama Pacha

Jumatano, tarehe tisa Agosti, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, lori lilirudi kinyumenyume mpaka karibu na benchi la kinyozi, likashusha nguzo sita za mti zilizotiwa dawa, na watu wanne waliokuwa wakinywa kahawa wakaacha kusema. Jambo hilo la kuacha kusema halikuwa dogo. Benchi lile lilikuwa ubao mmoja tu juu ya matofali, mbele ya kibanda cha kunyolea. Ng'ambo ya barabara palikuwa na kiwanja kitupu ambako Jeki, fundi wa magari, alifanya kazi juani na mvuani, akilala chali chini ya magari ya watu. Kila asubuhi, kabla kinyozi hajapata kichwa cha kwanza, wanne hao, Jeki na kinyozi wakiwamo, walikutana kwa kikombe kimoja cha kahawa, kisha cha pili, na kupiga hesabu ya gereji ya Jeki. Walikuwa wameipiga kwa miaka kumi na mmoja. Kwa midomo walikuwa wamekwisha kujenga gereji za kutosha mji mzima. Kwa mikono hawakuwa wamepigilia hata msumari.

Dereva wa lori alikuja na karatasi mkononi.

— Mwenye mzigo nani hapa?

— Sisi hatukuagiza kitu, akasema Jeki.

— Hapa pameandikwa Mama Pacha. Amelipa zote, kidogo kidogo, tangu mwaka juzi. Alisema zije mvua zikiisha, ardhi ikikauka. Mwenyewe yuko?

Jeki akaangalia ndani ya kikombe chake. Mama Pacha alikuwa mke wake, mama wa mabinti zake wawili ambao sasa wako kwa waume zao. Alikuwa akipiga pasi nguo za watu, na hakupata hata siku moja kusema neno juu ya nguzo. Ilikuwa wiki ya saba tangu wamzike.

— Ametangulia, ndugu yangu, kinyozi akajibu badala yake. Mwenzake ndiye huyu.

Dereva akavua kofia.

— Poleni sana, baba. Mungu awape subira. Sasa nisikilizeni. Saa sita napita tena hapa. Kama hamzitaki nazipakia, na hela inarudi yote, tajiri wangu ni muungwana. Lakini zikishaingia ardhini, basi. Nguzo yenye udongo haturudishi.

Lori likaondoka. Nguzo zikabaki zimelala kando ya barabara, zinanuka dawa.

Wa kwanza kupata sauti alikuwa Injinia. Jina hilo alilipata kwa sababu ujanani alibeba zege kwenye ujenzi wa daraja, kwa siku tisa.

— Sita? Jamani, sita? Kwa gereji? Hizo hata kuku watagombana.

— Shemeji alikuwa na moyo, akasema kinyozi.

— Moyo sawa. Mimi nasema hesabu. Karani, hebu toa karatasi.

Karani alikuwa amekwisha kuitoa. Zamani aliandika mizigo kwenye bohari, na tangu astaafu hakuwa na mzigo mwingine wa kuandika isipokuwa gereji hii. Aliandika kwenye karatasi za mifuko ya sukari, na daima alianza na kibao cha jina, kwa sababu, alisema, gereji bila jina ni uchafu tu barabarani.

— Kibao, laki moja na nusu, akasoma. Rangi ya kibao, elfu arobaini. Viti vya wateja, sita. Saa ya ukutani. Mabati, bei ya jana, na jana imekwisha pita. Misumari. Vigae.

— Vigae vya nini, mzee? Jeki akauliza. Mimi namwaga oili chini siku nzima.

— Ndiyo maana. Kigae kinafutika. Halafu, mengineyo.

— Mengineyo bei gani?

— Milioni mbili.

— Karani, mwaka jana mengineyo yalikuwa laki nane!

— Vitu vimepanda, Jeki. Mengineyo nayo yamepanda. Unataka yabaki nyuma?

Wakacheka, na Jeki naye akacheka, ingawa kwa nusu ya mdomo. Alijua kuwa hiyo ndiyo habari yake yote. Kila alipokusanya akiba ikakaribia karatasi, karatasi ilikuwa imeshaongezwa kitu. Mwaka wa kwanza walitaka nguzo na paa tu. Mwaka wa pili Injinia akadai shimo la kusimama fundi. Mwaka wa tatu ofisi. Mwaka wa tano ofisi ikapata choo, na choo kikapata mlango wa kioo. Jeki aliwahi kumpelekea Mama Pacha moja ya karatasi hizo. Aliisoma mpaka chini, akaikunja vizuri, akamwambia, "Baba Pacha, kahawa yenu ni kali."

— Nishaurini, akasema Jeki. Saa sita si mbali. Nizirudishe au nisizirudishe?

— Rudisha, akasema Injinia bila kupepesa. Hela hiyo iwe mwanzo wa gereji ya maana. Nguzo za mti ni za jana. Upepo ukija, nguzo inakwenda na bati, bati linakwenda na wewe. Gereji ya sasa inajengwa chini ya ardhi.

— Chini wapi?

— Chini kabisa. Unachimba. Upepo hauwezi kung'oa kitu kilichokwisha kuwa chini. Paa ni barabara yenyewe. Unaona ulivyookoa mabati?

— Na mvua?

— Mvua ni mengineyo.

Karani akaandika.

— Mimi naona mnapoteza hela kwenye kuta, kinyozi akaingia, akipangusa wembe kwenye aproni. Kuta za kazi gani? Mwizi kazi yake kuvunja ukuta. Usipojenga ukuta, atavunja nini? Atarudi kwao.

— Sasa hivi hana ukuta, Karani akapinga, na mwezi wa tano wamemwibia betri mbili.

— Kwa sababu hakuweka mlango! Weka mlango peke yake, katikati ya kiwanja, na kufuli kubwa. Mwizi atahangaika na kufuli mpaka kunakucha.

— Mnatazama karibu sana, akasema Injinia, ambaye hakupenda kupitwa. Gari bovu haliwezi kutembea, kweli si kweli?

— Kweli.

— Kwa hiyo kosa letu miaka yote ni kuifanya gereji ikae pale pale. Nunueni basi bovu, toeni viti, tieni magurudumu mapya. Gereji inamfuata mgonjwa nyumbani. Gari linapanda ndani ya basi, Jeki yumo humo humo na spana yake, wanakwenda.

— Na basi likiharibika? akauliza Jeki.

Injinia akanywa kahawa.

— Tutanunua la pili la kulitengenezea la kwanza.

— Mabasi mawili, akasema Karani akiandika. Jumla sasa inafika milioni tisini na sita na kibao.

Benchi likatikisika kwa kicheko. Kinyozi alikuwa na mteja tayari kitini, nusu ya kichwa imenyolewa, na mteja naye akatoa maoni yake kuhusu aina ya basi. Jeki alicheka hadi akakohoa. Kikohozi kikamshika, kile cha kulala kwenye udongo wenye maji, kikamtikisa mpaka akaweka kikombe chini. Wenzake wakangoja. Kilipopita, hakucheka tena.

— Niwaambie kitu, akasema polepole. Msinicheke. Au nichekeni, potelea mbali, mmezoea.

— Sema, Jeki.

— Hesabu hii ilinifaa. Mtu akiniuliza utajenga lini, namwonyesha karatasi. Mwenye karatasi haambiwi ni mvivu, anaambiwa ana mipango. Mama Pacha alinivua viatu vyenye matope miaka kumi na mmoja, na mimi namwambia bado kidogo, Karani anamalizia mengineyo. Yeye akanyamaza. Nikadhani amekubali.

Karani akaigeuza karatasi kifudifudi juu ya goti.

— Na leo sikatai nguzo kwa sababu ni sita. Hata zingekuwa sitini ningezikataa. Naogopa tu. Likisimama hilo banda, jioni nitamwita nani aje alitazame?

Kinyozi alisimama na wembe hewani. Mteja wake akatulia kama aliye msibani. Kwa watu wale, kunyamaza mara mbili kwa asubuhi moja ilikuwa kama ugonjwa.

Ndipo akavuka barabara mwanamke mrefu, shuka limefungwa kiunoni, mtaimbo na koleo begani. Alizihesabu nguzo kwa macho, akaja kusimama mbele ya benchi.

— Hamjambo, wazee wangu?

— Hatujambo, mama. Karibu kahawa.

— Asante, nikimaliza. Mimi ni mchimbaji. Nimelipwa na Mama Pacha, Mungu ampumzishe, nimesikia njiani. Mashimo sita, futi tatu kila moja. Aliniambia siku nguzo zikishuka nisingoje kuitwa. Sasa nionyesheni. Shimo la kwanza nichimbe wapi?

Swali lilikuwa la watu wote wanne, kwa hiyo kila mmoja akamwachia mwenzake. Karani akageuza karatasi, akaipitia toka kibao hadi mabasi. Akapekua mfuko wa koti, akatoa karatasi za mwezi uliopita, na za mwaka uliopita. Saa ya ukutani ilikuwamo, vigae vilikuwamo. Mashimo ya nguzo hayakuwamo.

— Mashimo hatukuyaandika, akakiri. Tuliona shimo ni hewa tu.

— Inategemea upepo, Injinia akajaribu.

— Inategemea barabara, akasema kinyozi.

— Siulizi bei, wazee, akasema mchimbaji, bila ukali. Nauliza mahali. Miaka yote mnakaa hapa mkitazamana na kiwanja. Banda linakaa upande gani?

Wakakitazama. Hakuna aliyewahi kukipima. Hakuna aliyejua kama ni hatua kumi au ishirini. Hakuna aliyejua hata jua la mchana linaangukia wapi, ingawa lilikuwa likimwangukia Jeki mgongoni kila siku mbele ya macho yao.

— Kama hampajui, naweza kwenda kwenye kazi nyingine, nirudi siku mkikubaliana, akasema mchimbaji. Lakini dereva ameniambia saa sita anazichukua.

Jeki akainuka. Aliacha kikombe kikiwa nusu, akavuka barabara, akatembea kiwanjani huku na huku kama mtu aliyepoteza ufunguo. Kisha akasimama mahali pamoja, palipokuwa peusi kwa oili, pamechimbika kidogo kwa sababu ya mabega yake mwenyewe.

— Mimi hulala hapa, akasema. Zaidi ya hapo, mwanangu, sijui kitu.

— Inatosha, baba. Wewe usitoke hapo.

Mchimbaji akamzunguka. Alipiga hatua mbele yake, akachora msalaba chini kwa ncha ya mtaimbo. Akapiga hatua kulia, akachora. Akaenda nyuma yake, akarudi kushoto. Alichora alama sita, tatu huku na tatu huku, na Jeki akiwa katikati, mikono imeninginia, hajui aitie wapi. Halafu akatema mate viganjani, akaupiga mtaimbo kwenye alama ya kwanza.

Kule benchini hakuna aliyejimiminia kahawa. Injinia alikuja wa kwanza, akasema zege analijua, lakini udongo pia ataujaribu. Karani akavua koti. Kinyozi akaja na mteja wake, kichwa nusu.

Saa sita lori lilipofika, nguzo moja ilikuwa imesimama, imeegemea kidogo upande wa Injinia, na Injinia alikuwa akieleza kuwa ni kwa makusudi. Ya pili ilikuwa imeingia shimoni. Dereva akapunguza mwendo, akachungulia, akapungia mkono, akapita.

Jeki akaweka kiganja kwenye nguzo iliyosimama. Dawa yake ilikuwa bado mbichi, ikamshika vidoleni. Akavua kofia, na wenzake wakavua zao, hata mchimbaji akaegemeza koleo.

— Ee Mola wetu, Jeki akaomba, mrehemu Mama Pacha. Msamehe alipokosa, mpokee kwa upole, na nyumba yake ya huko isingoje hesabu za mtu. Umweke kwenye kivuli chako, yeye aliyetununulia kivuli huku sisi tukikipigia domo. Nasi utupe nguvu ya mashimo manne yaliyobaki. Amina.