Kabuti la Kuazima

Fundi cherehani aliketi nyuma ya wazee wawili kwenye treni, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni na masikio yakiwa kazini. Mbele yake mlinzi mstaafu, kabuti limemfika magotini, alibishana na baharia mmoja mzee aliyevaa shati jepesi. "Kabuti ni neno letu," alisema mlinzi. "Babu kalivaa, baba kalirithi, na ndilo hili." Baharia akacheka. "Nimeshuka bandari nyingi, mwenzangu. Mreno anasema kapote, Mwitalia kapoto, Mturuki kaputi. Neno la kuazima hilo, na nguo ya kuazima haisitiri maungo."

Fundi alikuwa ameona mfuko wa kifuani wa kabuti uko kulia badala ya kushoto. Basi akajua: kabuti lilipochakaa lilifumuliwa, kitambaa kikageuzwa ndani nje, likashonwa upya, na kwa mkono safi. Kwa hesabu yake, kilichoshonwa upya namna ile ni cha aliyekishona, neno au nguo. Lakini hakuna aliyemuuliza, na wazee wakibishana hawaulizi.

Treni ikapunguza mwendo. Nje mvua ilimwagika. Baharia akaliangalia shati lake, kisha jirani yake. "Ndugu yangu, nisitiri mpaka barabarani."

"Na nguo ya kuazima? Si umesema mwenyewe?"

"Nilisema neno. Sasa naomba kabuti."

Mlinzi akavua mkono mmoja tu. Milango ikafunguka, wakashuka wawili ndani ya kabuti moja, mmoja akisema letu, mwingine akisema lao.