Mama Kimya Aaga Ofisi ya Kelele

Baada ya miaka thelathini na moja ya kuitumikia manispaa yetu, mwenzetu anayejulikana mji mzima kwa jina la Mama Kimya anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Alianza kama karani wa mapokezi, akapanda hadi ukaguzi wa afya, na kwa miaka kumi na tisa sasa ameiongoza Ofisi ya Kudhibiti Kelele. Kichekesho cha jina hilo tunakijua sote: kicheko chake husikika tangu getini. Siku moja tulikipima kwa siri, na kwa mujibu wa sheria ndogo za manispaa tulipaswa kumtoza faini.

Baa, viwanda vya mbao, sherehe za mtaani, vyote alivimudu. Kilichowashinda wengi kabla yake ni nyumba za ibada, kwa sababu hapo mkaguzi akiteleza neno moja tu, mtaa mzima unawaka moto.

Mtaa wa nyuma ya soko, msikiti na kanisa vinatazamana. Upande mmoja ulinunua vipaza sauti vipya, wa pili ukanunua vikubwa zaidi, na kila mmoja akaapa kwamba mwenzake ndiye aliyeanza. Muuguzi wa zamu za usiku, aliyepanga ghorofani katikati yao, alikuja kulalamika macho yamemvimba. Mama Kimya hakutoa onyo. Aliwaalika imamu na mchungaji chai sebuleni kwa muuguzi huyo, Jumapili kabla ya adhuhuri, wasaidizi wao wakiwa wameshika usukani huku na kule. Darsa likanguruma dirisha la kushoto, kwaya dirisha la kulia, vikombe vikacheza juu ya visahani. Imamu aliomba sukari mara tatu, na kila mara mchungaji akampa maziwa. Imamu ndiye aliyeanza kucheka. Kabla chai haijapoa, wote wawili walikuwa wameshapiga simu kuagiza sauti ipunguzwe.

"Uhuru wa kuabudu ni wenu, upo kwenye katiba, na mimi nitakuwa wa kwanza kuulinda," aliwaambia. "Lakini usingizi wa dada huyu nao ni wake."

Mwaka wa uchaguzi maneno hayo yalimdai ayatimize. Mchungaji yuleyule alihubiri waziwazi dhidi ya kuuzwa kwa uwanja wa watoto, mpango ambao diwani aliuvalia njuga. Haikupita wiki, diwani akaingia ofisini kwetu na amri iliyokwishachapwa: kanisa lifungwe kwa sababu ya kelele. Ilikosekana saini ya Mama Kimya tu. Akabeba kipima sauti, akapima ibada mbili, akarudi na kusema kanisa liko ndani ya kiwango, hasaini. Diwani alimkumbusha kwamba ana watoto wanaosoma.

"Ndiyo maana, mheshimiwa," akamjibu. "Nikifika nyumbani watataka kujua leo nimefanya nini."

Jumatatu alihamishiwa dawati la vibali vya mbwa, kwenye stoo isiyo na dirisha. Mtu mwingine akasaini, na mlango wa kanisa ukapigwa kufuli la manispaa.

Waumini walikwenda mahakamani, naye akaitwa kutoa ushahidi. Alinisimulia kwamba asubuhi hiyo aliogopa, maana kusimama dhidi ya mwajiri wako si jambo dogo. Mumewe, fundi cherehani, alimnyooshea kola ya gauni akamwambia, "Mke wangu, sauti yote hiyo Mungu aliyokupa, hebu leo itumie."

Aliitumia. Alieleza alichopima, na nani alitaka asaini nini. Shahidi aliyemfuata ndiye aliyewashangaza watu: imamu. Wakili wa manispaa akamuuliza kanisa linamhusu nini yeye. "Wakifungiwa leo kwa kosa wasilolifanya," alisema, "kesho ni zamu yangu, na sitakuwa na wa kunisemea."

Mahakama ilibatilisha amri. Manispaa inaweza kudhibiti sauti ya yeyote, ilisema, lakini haiwezi kuchagua imani ya kunyamazisha kwa sababu za kisiasa. Kufuli liliondolewa mchana huohuo, Mama Kimya akarudi kwenye kiti chake, diwani akaangushwa na wapiga kura. Watoto wanacheza mpira uwanjani hadi leo.

Wiki iliyopita, Mama Kimya akiwa amekwenda kuaga idara ya usafi, simu ya ofisi ililia. Mkubwa mmoja alitaka twende "tukawaangalie kidogo" waumini fulani wanaosali kwenye ukumbi wa kukodi, kwa kuwa kura zimekaribia na maneno yao hayampendezi. Nilimwomba aniambie wamevunja sheria gani. Akakata simu. Nikaurudisha mkono wa simu mahali pake. Nilipogeuka, Mama Kimya alikuwa mlangoni, mkoba begani, amesikia yote. Alinivutia kiti, akanimiminia chai, kisha akaweka mbele yangu funguo zake za kabati la vipima sauti.

Ahsante, dada yetu, kwa kila ulichotufunza. Ulale mchana bila simu kukuita, mzeeke na mumeo kwa raha, wajukuu wakuchoshe, na afya isikupungukie. Mlango wetu uko wazi, na kiti chako tutakilinda.