Msomaji wa Sifa za Watu wa Mlimani

Miaka thelathini na moja si mchezo, jamani. Tarehe thelathini mwezi huu dada yetu wa Ofisi ya Utamaduni, tunayemwita Mama Kipaza, anastaafu rasmi. Mpaka juzi alikuwa hana raha: aliogopa kuondoka kabla mkunga wetu mzee hajasikia sifa zake akiwa hai. Wenye kumjua mnaelewa kwa nini.

Aliajiriwa kama mpiga chapa. Mwaka wa tatu mtangazaji wa tamasha la mlimani alikaukiwa sauti asubuhi ya siku yenyewe, mkurugenzi akaangaza macho huku na huko, akamkabidhi yeye kipaza sauti. Hajakirudisha hadi leo.

Kazi yake kubwa ilikuwa kusoma sifa za wakazi mashuhuri, na enzi hizo walisomwa marehemu tu. Kila mwaka alipanda nyumba kwa nyumba na daftari, akiuliza nani ametutoka na aliwafaa nini wenzake. Vigogo hakuwa na haja nao, walishajisifu wenyewe.

Sasa lile kosa. Tusipolisema hapa mtalisikia nje, tena limetiwa chumvi. Huku kwetu moshi wa jikoni ndio salamu ya jirani: ukiuona, mwenyewe yupo. Mwaka mmoja moshi wa mzee mmoja, fundi barabara aliyechonga kwa jembe njia ya shuleni, ulikosekana wiki nzima. Majirani wakapeana pole, naye Mama Kipaza akaandika. Siku ya tamasha akasoma kwa uchungu, watu wakifuta machozi, na mzee mwenyewe yuko safu ya pili na kofia mpya! Kumbe alikuwa bondeni kwa binti yake. Alisimama akaomba asomewe tena pale palipotajwa daraja alilojenga njiani.

Uwanja ulivunjika mbavu. Mama Kipaza hakucheka, na kesho yake akapeleka barua ya kuacha kazi. Mzee alipopata habari alishuka kwa mguu, akaingia kwa mkurugenzi bila hodi. Alisema amechimba njia ile miaka arobaini bila kusikia asante, na siku aliyoisikia, mleta asante anataka kuondoka? Barua ikachanwa. Tangu siku hiyo tunawasoma walio hai.

Alibaki mkunga wa kule kileleni, aliyezalisha nusu ya ofisi hii. Kila mwaka alikataa, eti watangulie wengine. Sasa ana miaka tisini, na magoti ya dada yetu yamegoma kupanda.

Wiki iliyopita nilipanda mimi, mrithi wa daftari. Nilifika ulimi nje, nikamkuta bibi anachambua maharage. Aliuliza mimi mtoto wa nani, nikamtajia, akakumbuka kwamba nilikuja duniani kwa kutanguliza miguu na kwamba nilimchosha sana. Kisha akakubali. Wajukuu wake watambeba hadi uwanjani, ila ametoa sharti moja: asomwe na Mama Kipaza, si mtu mwingine.

Dada, asante kwa kila kilima ulichopanda kwa ajili yetu. Tunakupenda, na tunakutakia mapumziko marefu yenye afya na heri, ila yasianze tarehe thelathini, yaanze siku ya pili baada ya tamasha. Bibi amesema usome polepole. Anataka asikie kila neno.