Scola Ansbert na Browning ya Malampaka

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mkaguzi Msaidizi wa Polisi Scola Ansbert anavua sare aliyoivaa kwa miaka thelathini na sita. Zaidi ya nusu ya miaka hiyo ameitumia hapa Bariadi, tangu Simiyu haijawa mkoa, na karibu yote ndani ya chumba chenye mlango wa chuma na dirisha lisilomtosha paka. Wengi wetu tulipokea silaha ya kwanza kutoka mikononi mwake, na wengi wetu tulirudishwa mlangoni kwa kuishika vibaya.

Scola alizaliwa Missenyi, mkoani Kagera. Vita vya Kagera vilipopita kijijini kwao alikuwa msichana wa shule ya msingi. Familia ilikimbia, ikarudi, ikaukuta mgomba umeota ndani ya nyumba. Watoto wakaonywa wasiokote chochote shambani, hata kikiwa kizuri namna gani. Labda ndiyo maana, alipomaliza mafunzo ya polisi, aliomba kila kazi isipokuwa ya silaha. Akapangiwa silaha. Anasema mwezi wa kwanza alikuwa akisali kabla ya kugeuza ufunguo. Mwezi wa pili akaanza kuuliza maswali, na maswali hayo hayajaisha hadi leo.

Aliolewa na Mwalimu Deogratias, ambaye ndiye mtu pekee aliyewahi kumshinda kwa ubishi. Wana mabinti wawili na shamba la pamba na mahindi pale Dutwa.

Kama kuna kitu kilichomchosha mama huyu kuliko wahalifu, basi ni filamu. Kantini yetu ina televisheni, na kwa muda mrefu wenzake walimwomba akae nyuma, kwa sababu picha ikianza na yeye anaanza. "Huyo amefyatua mpaka risasi zimechipua!" "Huyo ana bastola ambayo vita hivyo vilipopiganwa ilikuwa bado haijazaliwa!" Aliyoitambua haraka kuliko zote ni Browning. Mtutu ukitokeza tu kwenye kona ya kioo, alikwisha kuitaja, na asiyetaka somo alilazimika kuhama kiti.

Somo lenyewe tunalijua kwa moyo. Mmarekani John Browning aliianza bastola hiyo miaka ya ishirini ya karne iliyopita, akafia Ubelgiji kazini kabla hajaimaliza. Fundi Mbelgiji, Saive, aliichukua na kuikamilisha, na mwaka 1935 jeshi la Ubelgiji likaikubali. Ilibeba risasi kumi na tatu wakati bastola nyingi za siku hizo zilibeba saba au nane. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, Wajerumani waliteka kiwanda na kuitengeneza kwa ajili ya askari wao, huku Kanada ikiitengeneza kwa ajili ya adui zao, hivyo watu wa pande zote mbili walipigana kwa bastola ya aina moja. Baadaye ikasambaa duniani, ikafika kwenye majeshi mengi ya Afrika, kisha ikaingia kwenye filamu na kukaa huko mikononi mwa majasusi, majambazi na makapteni.

Mwishoni mwa somo aliinua kidole. "Ina tabia moja ambayo filamu hazikuonyeshi. Ukitoa magazini, yaani kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini, haifyatuki hata kama ndani ya chemba, pale nyuma ya mtutu, kuna risasi. Unavuta, kimya. Unasema imekufa, unairudishia magazini. Wewe ndiye utakayekufa." Vijana walicheka. Mwandishi wa wasifu huu naye alicheka.

Mwaka juzi, kampuni moja ya filamu ilikuja mkoani kwetu kutengeneza picha ya vita vya Kagera. Walipenda stesheni ya Malampaka, wilayani Maswa, kwa sababu ya reli ya zamani na jengo lake. Afande Scola alipewa kazi ya kusimamia usalama pamoja na Koplo Harieth Masele, ambaye ndiye anayeandika haya. Asubuhi Afande alikagua silaha zao zote, moja moja. Zilikuwa za plastiki na mbao. Alitikisa kichwa, akasema hata watoto wa Nyashimo wanachonga nzuri zaidi, akaenda kununua michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa.

Wakati wa chakula cha mchana alikuja mama mmoja wa Malampaka, jina lake Ng'washi, binti wa marehemu mzee Mahona aliyepigana vita hivyo. Mwongozaji wa filamu, Thomas, alikuwa ameomba wanakijiji wamwazime vitu vya wakati ule. Ng'washi alileta kofia ya baba yake, mkanda wake, na furushi la kitambaa. Ndani ya furushi kulikuwa na Browning. Mzee Mahona aliitwaa kutoka kwa ofisa wa upande wa pili huko Uganda, akaificha kwenye ghala la nafaka, na kila baada ya mavuno aliipaka samli ya ng'ombe kama anavyopaka mtu ngozi ya mtoto.

Ng'washi hakuona ubaya wowote. Alitaka baba yake aonekane, walau kwa vitu vyake, kwenye picha itakayotazamwa na nchi nzima.

Thomas aliipenda bastola kwa macho. Hakuwa mzembe kama watu walivyosema baadaye. Alitoa magazini, akaikuta tupu. Alijaribu kuvuta mfuniko wa juu aone ndani, ukagoma, samli ilikuwa imeganda. Basi, kwa kidole gumba, akairudisha nyuma nyundo inayogonga risasi, akaelekeza ukutani, akafyatua mara kadhaa. Kimya. "Imekufa hii," akawaambia wenzake, akarudisha magazini ili mpini usionekane na tundu. Sisi polisi tulikuwa upande wa pili wa jengo, tukizuia watu wasikanyage nyaya. Hakuna aliyetuambia.

Tukio lililokuwa likipigwa picha lilikuwa la askari mtoro. Mwigizaji Josia, kijana mwembamba kutoka Mwanza, alipiga magoti kwenye kokoto kando ya reli, mikono kichwani. Kasmiri, aliyeigiza kapteni, alisimama mbele yake. Thomas alimwelekeza kwa sauti kubwa, tukaisikia mpaka kwenye kona ya jengo tulipokuwa tumesogea: "Inua bastola taratibu, nyundo tuione. Ielekeze kwenye paji lake la uso. Nikiinua mkono, vuta. Mlio nitauweka studio."

Afande Scola aligeuka kutazama. Anasema alichokiona kwanza ni kiwiko cha Kasmiri. Plastiki haimvuti mtu mkono chini. Kisha bastola ikagusa bizimu ya mkanda, ikatoa sauti ya chuma kwa chuma. Michembe ilimponyoka.

Harieth alifungua mdomo kupiga kelele. Afande alimshika kifundo cha mkono, akakibana mpaka kikauma. "Usithubutu. Atashtuka na kidole kiko ndani."

Akaanza kutembea. Hakukimbia. Alipita kati ya watu, akaruka nyaya, akaingia mbele ya kamera kutokea ubavuni mwa Kasmiri ili amwone mapema. Thomas alikuwa ameshainua mkono wake nusu.

"Mwanangu," Scola akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. "Kidole chako kitoe nje."

"Kata!" Thomas akafoka. "Huyu mama ametokea wapi? Mama, umeharibu picha!"

Kasmiri aligeuka, na bastola ikageuka naye. Sasa mtutu ulikuwa ukitazama kifua cha Afande Scola, umbali wa mtu kunyoosha mkono na kusalimia. Kidole kilikuwa bado ndani.

Tulio nyuma tulimwona akisimama kabisa. Hakuinua mikono. Hakurudi nyuma. Josia alianza kuinuka kutoka kwenye magoti.

"Wewe baki hapo hapo," akamwambia bila kumtazama. Kisha kwa Kasmiri: "Sawa. Nimeiona, nzuri. Sasa ielekeze kwenye kokoto, polepole. Mimi siendi popote."

"Lakini ni mbovu hii," Kasmiri akasema. Alikuwa sasa ameuona uso wa Afande kwa karibu.

"Inawezekana. Ielekeze chini, tuangalie wote."

Mkono ulishuka. Mtutu ulipita tumboni kwa Afande, ukapita magotini, ukafika kwenye kokoto. Kidole kikatoka. Scola akaipokea bastola kwa mikono miwili, mtutu ukiwa chini, akatoa magazini, akavuta mfuniko wa juu. Ukagoma. Akabana meno, akavuta tena kwa nguvu zote, na risasi moja ya manjano ikaruka, ikagonga reli, ikabingirika hadi kwenye goti la Josia.

Josia aliitazama ile risasi, kisha akalala kifudifudi kwenye kokoto kama mtu aliyechoka sana. Kasmiri alikwenda kukaa nyuma ya behewa.

"Niliifyatua!" Thomas alikuwa akirudia. "Niliifyatua ukutani! Ilikuwa imekufa!"

"Haikufa," Scola akasema. "Ilikuwa inasubiri magazini." Alipoona machozi yanamlengalenga Thomas, akamwekea mkono begani. "Nisingefundishwa, hata mimi ningeirudisha vilevile. Kaa chini. Kaa chini kwanza."

Wataalamu waliijaribu bastola hiyo baadaye, pamoja na risasi yake. Ililia papo hapo, mara ya kwanza ilipovutwa.

Watu wanaosimulia habari hii huishia hapo. Sisi tuliokuwepo tunajua kwamba kilichofuata kilikuwa kigumu zaidi. Afande aliomba chai, Harieth akamletea. Alikuwa hajaimaliza Ng'washi alipotokea, kanga imefungwa kiunoni, mikono mbele kama aliyekwisha kutiwa pingu. Majirani walikuwa wamemwambia kwamba bunduki bila kibali ni kifungo cha miaka mingi.

"Mayu," akasema, akimwita mama kwa Kisukuma, "nifunge mimi. Lakini usiandike jina la baba. Baba hakuwa mwizi. Alipigana."

Bosi mmoja wa kampuni alimvuta Scola pembeni, akapendekeza isemwe kwamba bastola iliokotwa relini, yaishe, picha iendelee. Ingekuwa rahisi kwa wote. Scola alimsikiliza mpaka mwisho, akasema hapana. Kisha akarudi kwa Ng'washi, akakaa naye chini, kwenye kokoto zilezile, sare na yote.

"Nitaandika jina la baba yako," akamwambia, "kwa sababu ndiyo kweli. Nitaandika pia kwamba alipigana, na kwamba wewe uliileta mchana kweupe mbele ya watu, hukuiuza wala hukuificha. Nikidanganya kidogo ili nikusaidie, watakaosoma hawataamini hata yale ya kweli."

"Nikifungwa je?"

"Nitakuja kukuona. Sitakwambia uongo kwamba haiwezekani."

Wiki zilizofuata zilikuwa ndefu. Ng'washi aliripoti kituoni kila alipoitwa, na kila alipokuja Afande alitoka kwenye chumba chake cha chuma akakaa naye kwenye benchi, hata kama hawakuwa na la kuongea. Kuna walionong'ona kwamba amejiingiza kwenye kesi isiyomhusu. Alijibu kwamba risasi ile ilikuwa imemwelekea yeye, kwa hiyo inamhusu. Mwishowe waendesha mashtaka waliisoma taarifa yake na kuona hakuna sababu ya kumshitaki mama yule. Bastola ilibaki mikononi mwa serikali, ikateketezwa pamoja na nyingine. Kofia na mkanda vya mzee Mahona vilirudishwa nyumbani. Siku alipopewa habari hiyo, Ng'washi alipiga magoti pale kaunta akashukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, wabeja sana," mpaka Afande akamwinua kwa hasira za kujifanya.

Filamu ilikamilika kwa bastola ya mbao. Josia, tunasikia, anaendelea na uigizaji, ila hapokei silaha yoyote kabla hajaifungua mwenyewe.

Afande Scola ametufundisha mengi: kusafisha, kuhesabu, kufunga, kunyamaza. Ametuachia ghala lisilo na hata risasi moja iliyopotea. Lakini wengi wetu tutamkumbuka kwa mwendo ule wa taratibu kando ya reli, kuelekea mahali ambapo mtu mwenye akili angekimbia kwenda upande mwingine.

Lipo jambo moja la kumalizia. Mwezi mmoja baada ya kuambiwa kwamba hatashitakiwa, Ng'washi alifika kituoni akivuta kwa kamba mtamba mwekundu, zawadi kwa mayu wake. Afande alimshukuru, akamweleza kwamba sheria hairuhusu askari kupokea. Ng'washi alifikiri kidogo, akauliza: "Sheria hiyo inakwisha lini?" Afande akacheka mpaka akashika ukuta, akamtajia tarehe ya kustaafu. Mtamba akarudishwa Malampaka.

Tunapoandika haya, Ng'washi amepiga simu kuuliza siku ya sherehe ng'ombe atafungwa wapi. Anasema yule mtamba ameshazaa, kwa hiyo watakuja wawili.

Afande Scola, asante kwa kutulinda hata dhidi ya ujuaji wetu. Nenda Dutwa ukapumzike na Mwalimu, ukamue maziwa asubuhi, na televisheni uitazame ukiwa umekaa kiti cha mbele, useme unavyotaka. Mungu akupe siku nyingi, na ziwe tulivu.