Mechi ya Nyumbani Ichezwe Nyumbani: Maneno ya Kumuaga Mwenyekiti wa Lagha United

Mheshimiwa mwakilishi wetu wa wadi, uliyefika saa moja na robo tu baada ya muda uliopangwa, jambo ambalo kwa kipimo cha klabu hii ni kuwahi. Sheikh Shuaib, uliyetufungulia kwa dua, na ambaye kwa misimu tisa umekuwa ukimwomba Mwenyezi Mungu afanye kazi ya mabeki wetu. Mzee Siyad, mwenyekiti tunayekuaga leo, pamoja na mkeo Mama Fatumo. Kocha Muriuki na wachezaji wako. Na nyinyi mashabiki wa Lagha United, watu mliopewa subira kuliko hata ngamia: assalamu alaykum. Na kwa wale waliovuka daraja la Tana kuja kutafuta riziki huku, kama mimi, hamjambo.

Kwa asiyenijua, naitwa Mwalimu Kasyoka. Huu ni mwaka wangu wa ishirini na mbili nikifundisha Kiswahili hapa Garissa, na wa sita nikiwa kiongozi wa tawi la mashabiki, cheo kisicho na mshahara wala marupurupu ila kupigiwa simu kila tunapofungwa, kwa hiyo simu yangu haijui mapumziko. Kamati iliniomba niseme maneno mazuri ya kumuaga mwenyekiti kwa dakika kumi. Niliuliza kama yawe mazuri kwa dakika zote kumi. Katibu akasema nijitahidi.

Nitajitahidi. Lakini kabla ya sifa, niseme jambo ambalo kila mtu ukumbini analijua na halimo kwenye ratiba. Jumamosi hii tunacheza mechi ya mwisho ya msimu na Mwingi Wanderers. Tukishinda, tunabaki ligini. Tusiposhinda, tunashuka daraja. Ni mechi yetu ya nyumbani. Na ndani ya koti la mwenyekiti, mfuko wa kushoto, mna barua inayoomba kwamba mechi hiyo ya nyumbani ikachezwe Mwingi, kwenye uwanja wa hao hao tunaocheza nao. Imebaki sahihi yake tu, na ni lazima ifike ofisi ya ligi leo kabla ya saa kumi na moja. Ndiyo maana mnaniona sina haraka.

Sasa sifa. Tuanze na fedha, maana hapo ndipo mwenyekiti alipotuvumbulia jambo. Klabu nyingine zina akaunti kwenye benki. Sisi tuna mbuzi. Ulituambia, Mzee, tena kwa ufasaha uliotuliza kila mwenye shaka, kwamba pesa ikikaa benki huliwa na makato, lakini mbuzi akikaa malishoni huzaa. Nani angebisha? Kila shabiki akatoa mbuzi jike mmoja. Wakafika arobaini na watatu, wakakatwa alama mbili kwenye sikio la kushoto, wakapelekwa Ijara kuchungwa pamoja na mbuzi wako mwenyewe, wenye alama moja.

Ukame ukaja. Wakafa mbuzi kumi na saba, wote wenye alama mbili. Fisi akaingia zizini akabeba sita, wenye alama mbili. Tisa wakapotea njiani wakielekea kisimani, na mimi sina haja ya kuwaambia walikuwa na alama ngapi. Wenye alama moja, mashallah, walizaa mapacha. Mimi nimefundisha watoto kusoma kwa miaka ishirini na mbili, wengine kwa chaki, wengine kwa machozi, na wallahi sijapata mwanafunzi anayesoma kama yule fisi wa Ijara anavyosoma masikio.

Sisemi umekula, Mzee. Hakuna aliyesema hivyo. Sisi ni watu wa adabu. Nasema una bahati, na mtu mwenye bahati kama hiyo si vizuri aondoke bila kuacha kidogo kwa anayemrithi. Maana leo, tukiuliza kwa nini klabu haiwezi kugharamia mechi moja hapa Garissa, tunaambiwa hazina imebaki na mbuzi kumi na mmoja, na wawili kati yao wanachechemea.

Tuje kwenye mbinu. Kocha Muriuki, usijifiche nyuma ya soda, nakuona. Huyu alitujia kutoka Nyeri, na jambo la kwanza alilolitambua hapa ni kwamba kuna joto. Wengine tumeishi humu miaka mingi bila kugundua. Akakaa na mwenyekiti, wakakubaliana kwamba kila mechi ya nyumbani ianze saa nane mchana, jua likiwa utosini, ili wageni wachomeke. Jua, wakasema, ndilo mchezaji wetu wa kumi na mbili. Wakasahau kuliuliza linashabikia nani.

Mnamkumbuka aliyeanguka wa kwanza? Ni Mwenda, mshambuliaji wetu, tuliyemsajili kutoka Meru, tena ile Meru ya juu ambako watu huvaa sweta mwaka mzima. Dakika ya ishirini na nane alilala chini kwa upole, kama mtu aliyefika kwake. Waliombeba hadi kivulini ni wageni, kwa sababu ndio peke yao waliokuwa na nguvu za kubeba mtu. Kipa wao alimmwagia maji yake ya kunywa kichwani. Kijana alipofumbua macho aliwashukuru, kisha akauliza kama hapo ndipo anapofaa kuchezea.

Hayo yangekuwa ya kusamehewa. Lakini Ramadhani ikaingia, na mechi tatu za nyumbani zikaangukia ndani yake. Saa nane mchana. Wachezaji wetu wanane wako kwenye saumu, tangu alfajiri hawajaonja hata tone. Wageni wana ndoo ya barafu pembeni mwa uwanja. Kwenye kamati ile ya watu saba, sita wenyewe walikuwa wamefunga, na hakuna aliyefungua kinywa. Kocha alidhani mwenyekiti angesema kama kuna tatizo. Mwenyekiti alidhani kocha ameshalipigia hesabu. Sisi mashabiki tulidhani wakubwa wana siri yao, tukakaa kwenye jua tukingoja ifichuke. Nne bila. Tatu bila. Tano kwa moja, na hilo moja alijifungia beki wao mwenyewe, nafikiri kwa huruma. Nilipomwendea kocha, aliniambia mbinu nzuri huhitaji muda.

Basi ndiyo rekodi yetu ya nyumbani msimu huu: mechi tisa, tumepoteza saba, tumetoka sare moja, tumeshinda moja. Na ile moja tulishindaje? Gari la refa lilipasuka gurudumu njiani. Tukamngoja, tukamngoja, mechi ikaanza saa kumi na nusu, jua limeshalegea na upepo wa mtoni umeanza kuvuma. Walaalo, ndugu zangu, mliona vijana walivyokimbia! Mwenda peke yake alifunga mawili. Tatu bila. Kesho yake kamati ilikutana kwa saa tatu kutafuta sababu ya ushindi ule, na kwa kauli moja ikaamua kwamba ni soksi mpya.

Nacheka, lakini sasa naja pale ambapo sicheki.

Ile barua nimeisoma. Aliyeipiga chapa ni mwanafunzi wangu wa zamani, akaniletea nimwangalizie Kiswahili, kwa mazoea tu. Kiswahili chake ni safi, sikupata pa kusahihisha. Inasema klabu haina uwezo wa kuandaa mechi, na hilo tumeshaonana nalo huko Ijara. Kisha inasema, na nimeshika maneno yake kichwani: "Kwa kuzingatia hali ilivyo, Garissa kwa sasa si mahali pa kukaribisha wageni."

Maneno hayo yaliniuma. Nilikaa nayo mezani, chai ikapoa. Yangeandikwa na mtu wa Nairobi ambaye hajawahi kuvuka daraja, ningesema ni kawaida yao. Lakini chini yake limechapwa jina la Siyad.

Wengi wenu mnaukumbuka mwaka ule mbaya, siutaji, watu wa kutoka ng'ambo walipokuwa wakiuawa. Shuleni kwetu tulikuwa walimu kumi na mmoja kutoka ng'ambo ya mto. Kwa wiki mbili waliondoka tisa, na siwalaumu, kila mtu ana mama anayempigia simu akilia. Na mimi nilishafunga sanduku. Nilikuwa nimekaa juu yake mlangoni, nangoja basi la asubuhi, ndipo wakaja mtu na mkewe ambao hata hatukuwa tukijuana zaidi ya salamu za dukani. Mwanamume akasema: "Mwalimu, wewe ni marti wa nyumba yangu. Anayekutaka, apite kwangu kwanza." Marti ni mgeni, na hapa kwetu mgeni akishaitwa hivyo, ukoo mzima umemdhamini. Mke alinipa mkono nikasimama, akalichukua sanduku, akatangulia nalo.

Nilikaa kwao miezi minne. Wanafunzi wangu wa darasa la nane mwaka ule walifanya mtihani wakiwa na mwalimu. Na ni mwanamume huyo huyo aliyenipeleka uwanjani kwa mara ya kwanza, ili nisahau hofu. Hofu niliisahau, Mzee, ukaniletea presha ya damu, lakini nakushukuru kwa yote mawili, na kama nisingekushukuru leo mbele za watu ningekuwa mtu asiye na utu. Nililala usingizi chini ya paa lako wakati mji mzima haulali. Hilo silisahau hadi naingia kaburini.

Basi nikuulize kama mtoto wa nyumba yako anavyoweza kukuuliza. Mtu yule aliyekuja mlangoni kwangu, na mtu aliyeandikiwa barua hii aitie sahihi, ni yupi tunayemuaga leo?

Na tusisingizie Mwingi. Mwingi ni kwetu, nimezaliwa huko, mama yangu amezikwa huko. Nilimpigia simu kapteni wao, tukazungumza Kikamba, nikamuuliza kwa nini wanaogopa kuja. Kijana akasema: "Mwalimu, sisi tuliambiwa nyinyi ndio hamtutaki."

Nilimwambia nitampigia tena.

Mzee, nakujua. Hukuwa na wasiwasi wa usalama hata siku moja. Unachoogopa ni kwamba tutashuka daraja Jumamosi, siku yako ya mwisho, mbele ya macho ya watu wako, na watoto watakuzomea ukielekea msikitini. Ni uchungu halali. Hata mimi nisingependa. Lakini kufungwa nyumbani ni aibu ya wiki moja, watu watasema, watachoka, watarudi kwenye bei ya ng'ombe. Kuandika kwamba nyumbani kwako hapafai mgeni, hiyo itawekwa kwenye faili, na kila klabu isiyotaka kuvuka mto itaitoa hiyo karatasi na kusema, wenyewe wamekiri.

Kwa hiyo tawi la mashabiki limefanya kitu bila ruhusa ya kamati, na kama kuna faini, nitatozwa mimi. Nilimpigia tena yule kapteni. Wanakuja watu ishirini, Ijumaa alasiri. Hawalali hotelini, maana hela ya hoteli ilikwenda na fisi. Wanalala majumbani mwetu. Sheikh Shuaib amechukua mabeki watatu. Mama Deka wa duka la dawa amechukua viungo wawili, na amesema wakiumia wako mahali pazuri. Kocha Muriuki amemchukua kocha wao, na tunamwomba sana, sana, amfundishe mbinu zake zote. Kipa nimemchukua mimi. Nitampikia muthokoi, yale mahindi mazito ya kwetu, Jumamosi mchana hadi ashindwe kuinama, na hakuna atakayesema sikumkarimu. Na mechi itaanza saa kumi na nusu. Refa mwenyewe amekubali, tena bila kupasua gurudumu.

Watu kumi na tisa wameshapata pa kulala. Amebaki mmoja, kapteni wao, yule kijana aliyeambiwa hatumtaki. Hatukumtafutia nyumba. Tulipofika kwenye jina lake, kila mtu alisema huyo si wetu, huyo ni marti wa mwenyekiti.

Sikuombi uichane barua, Mzee, mimi si mtu wa sinema. Wala sikuombi hotuba, umeshatupa nyingi. Nakuuliza kitu kidogo tu, mbele ya mkeo na mbele ya wazee hawa: Ijumaa, kijana huyo alale wapi?

Nangoja. Tafadhalini huko nyuma, acheni sahani.

Naam, Mzee? Mpeni kipaza sauti. Hataki. Basi nitawasemea mimi, kwa kuwa wa nyuma hawakusikia. Mwenyekiti hajasema lolote kuhusu barua. Ameuliza kijana anakula nini.

Anakula chochote, Mzee. Ni Mkamba.

Ndugu zangu, mmenivumilia kupita dakika nilizopewa, na Mungu awalipe kwa masikio yenu. Jumamosi, saa kumi na nusu, hapa nyumbani. Kila mwenye mgeni aje naye uwanjani amemshika mkono.