Miaka Minne kwa Injini ya Hemavati: Risala ya Wafanyakazi wa Jengo la Majaribio, Bengaluru

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Naibu Waziri, Mkurugenzi wetu, wastaafu mliokaa mstari wa mbele, wageni wote, namaskara.

Karibu

Sisi wafanyakazi wa Jengo la Majaribio tunakukaribisha kwa moyo mweupe. Umetukuta siku ya Ayudha Puja, sikukuu ya kuzienzi zana za kazi, mashine zimevishwa maua na kupakwa unga mwekundu, zinapumzika. Utuwie radhi, leo hutausikia mngurumo wa Hemavati. Siku hii hata spana hatuigusi.

Tulikotoka

Mheshimiwa, hapa palikuwa na banda la mabati katikati ya mashamba ya ulezi. Siku injini ya Hemavati ilipowaka mara ya kwanza, ng'ombe wa jirani walikata kamba, na Fundi Mkuu Puttaswamy alitoka nje amelowa mafuta, analia bila kujificha. Jioni ile tulikula vitamutamu vya Mysore pak mpaka meno yakauma. Tunaikumbuka sana enzi ile. Kahawa ililetwa kwa ndoo, feni ilikuwa moja na mbovu, na tuliamini ndege ya kivita yenye injini ya nyumbani itaruka kabla hatujaota mvi.

Mgeni wa kwanza kusimama hapo ulipo alitutangazia miaka saba. Aliyemfuata akasema mitano, kwa kuwa kazi kubwa imekwisha. Waliokuja baadaye tumewasahau, ila kila mmoja alikuwa na mwaka wake, na kila mmoja tulimpigia makofi ya dhati. Watoto tuliowabeba mgongoni siku zile sasa ni wahandisi humu humu.

Mafanikio

Hatukukaa bure. Tulianza hatujui kutengeneza chuma cha kuhimili moto ule. Leo tunakitengeneza wenyewe. Injini inawaka na nguvu yake inatosha.

Changamoto

Mapanga yanayozunguka ndani, pale penye moto mkali, bado yanapata nyufa yakizungushwa muda mrefu. Ufa mwembamba kama unywele unatosha kumuua rubani. Dawa yake tumeipata na tumeanza kuijaribu, lakini inataka miaka minne. Nasi tumesikia kwamba leo utatangaza mwaka mmoja, na kwamba ukipita bila ndege kuruka, mradi utafungwa na injini zitanunuliwa nje.

Ombi

Tulikuwa tumeandika ombi jingine kabisa. Fundi Puttaswamy, yule pale kwenye kiti cha magurudumu, anaumwa mapafu. Tulitaka kukuomba uharakishe zaidi, angalau aione ndege ikiruka. Wiki iliyopita tukampelekea rasimu nyumbani kwake Malleshwaram. Hakufika hata nusu.

"Nani kaandika upuuzi huu? Wewe Pramila?" akaniuliza mimi ninayekusomea.

"Ni sote, mzee. Tunataka uione."

"Mimi mawaziri chungu nzima wamenipa miaka, hakuna hata mmoja aliyepatia. Daktari kanipa miezi, na huyo namwamini." Akacheka mpaka akakohoa. "Sasa mtoto wa watu apande na mapanga yenye nyufa, kisa kumfurahisha kizee mmoja? Akianguka, nani ataenda kumwambia mama yake? Utaenda wewe?"

Akaturudishia rasimu.

"Ombeni minne. Na muiombe kwa sauti, msimung'unye maneno."

"Lakini mzee, minne wewe..."

"Hesabu naijua, binti yangu, nilikuwa naijua kabla hujazaliwa. Ifute hiyo. Nami nitakuja kukaa mbele, nisikie kama mmesoma nilivyowaambia."

Tulirudi garini tukiwa na huzuni, na tuliifuta.

Mheshimiwa, hatujui ukurasa ulio mkononi mwako unasemaje. Tunakuomba kwa unyenyekevu, mwaka ulioandikwa humo usiusome. Tunaomba miaka minne. Tunaiomba mbele ya Fundi Puttaswamy, kwa sauti, kama alivyotuagiza, nasi tunajua miaka hiyo itatimia bila yeye.

Mungu akufikishe salama Delhi, ailinde nyumba yako, na awalinde marubani wetu ambao bado hatujawajua majina.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Jengo la Majaribio, Injini ya Hemavati, Bengaluru.
Imesomwa kwa niaba yao na Pramila Devaiah.